Nyanya kuoza kitako, kupasuka, kukosa utamu: angalia maji kwanza

SALMA: Haya karibuni tena jamani, leo ni nyanya za nyumbani, ziwe za kwenye ndoo au kibustani nyuma ya nyumba. Swali linalokuja sana, mbona mche umestawi, majani kijani kabisa, alafu tunda likianza kukua huku chini linakuwa jeusi?

JUMA: Huko ndo kuoza kitako. Mtu akiona vile anakimbilia kupiga dawa, na wala sio ugonjwa dada, hakuna mdudu hapo. Tunda limekosa kalsiamu, yale madini yaliyomo kwenye chokaa.

SALMA: Kwahiyo aongeze chokaa?

JUMA: Ngoja kwanza. Mara nyingi kalsiamu ipo udongoni, ila inasafiri na maji. Sasa leo umemwaga ndoo nzima, alafu siku nne huna habari, udongo umekauka mpaka una nyufa, itafikaje kwenye tunda? Na majani yanavuta maji kuliko tunda, kwahiyo yakipungua tunda ndo linaumia la kwanza, na linaanzia kitakoni maana ndo mbali zaidi.

SALMA: Na ile kupasuka?

JUMA: Maji hayohayo! Udongo ulikaa mkavu, ganda limekaza, ikija mvua ghafla tunda linavimba kwa ndani kuliko ganda linavyoweza kutanuka.

SALMA: Mimi napenda watu wachomeke kidole, kiingie mpaka pingili ya pili, kukiwa kukavu huko ndani mwagilia, kukiwa na unyevu acha. Ndoo inakauka haraka kuliko ardhini, wakati wa jua kali pengine kila siku. Na mwagilia shinani, taratibu, asubuhi, majani yakilala yamelowa unakaribisha bakajani, ule ugonjwa wa mabaka kwenye majani.

JUMA: Alafu matandazo jamani, msiyadharau! Nyasi kavu unene wa vidole vinne hivi, ila yasigusane na shina. Hapo unyevu haupandi na kushuka ovyo.

SALMA: Mbolea je? Maana wengine wanajaza ya kukuzia kila wiki.

JUMA: Aisee hapana. Hiyo ya kukuzia ina naitrojeni nyingi, ikizidi unapata majani mengi matunda machache, na kuoza kitako kunaongezeka. Mboji iliyoiva vizuri wakati wa kupanda, na mche uuzike shina mpaka karibu na majani ya juu, lile shina lililofukiwa linatoa mizizi.

SALMA: Machipukizi yale yanayoota kwapani mwa jani, hayo yatoe yakiwa madogo, ila ni kwa aina zinazorefuka tu, zile fupi ukiyatoa unakata matunda yako mwenyewe. Na msinyonyoe majani yote eti jua lipige tunda, sukari inatengenezwa kwenye majani, tunda lenyewe likichomwa na jua linababuka.

JUMA: Jua la masaa 6 mpaka 8 linatosha. Joto likipita nyuzi 30 hivi ile rangi nyekundu haitengenezwi vizuri, nyanya inabaki ya machungwa. Kipindi hicho chuma ikishaanza kubadilika rangi, imalizie kuivia ndani kivulini.

SALMA: Sio kwenye friji lakini.

JUMA: Friji hapana kabisa, baridi inaua ile harufu yake na haiivi tena vizuri. Iweke mezani, ule upande wa kikonyo uwe chini.