Lugha, Vyungu na Nasaba: Asili ya Wagermani

Mabibi na mabwana, ninapowataja Wagermani sina maana ya Wajerumani wa leo peke yao, bali watu wa kale ambao lugha yao ndiyo iliyozaa Kijerumani, Kiingereza, Kiholanzi, Kiswidi na nyinginezo. Kinachowafanya wawe kundi moja ni lugha, kwa hiyo naanza nayo.

Mwaka 1822 Jacob Grimm, mwanaisimu wa Ujerumani, alieleza kwamba pale Kilatini kinapotamka p, t na k, lugha hizi huwa na f, th na h. Baadhi ya maneno yaliikaidi kanuni hiyo. Kilatini kina t katika pater, yaani baba, na vilevile katika frater, ndugu, ilhali Kigothi, lugha ya kale ya Kigermani, kina d katika fadar na th katika brothar. Karl Verner wa Denmark, katika makala iliyochapishwa mwaka 1877, alionyesha kuwa katika Kisanskriti, lugha ya kale ya India iliyo na asili moja na hizi, mkazo wa maneno hayo mawili umekaa mahali tofauti, na kwamba mkazo huo wa kale, ambao Wagermani walikwisha kuupoteza, ndio ulioamua konsonanti. Nasema wazi kuwa naustahi ushahidi huu kuliko wa kaburi lolote. Wafini nao waliazima neno kuningas, mfalme, wakalitunza pamoja na kiishio ambacho Wagermani wenyewe wamekiacha. Basi walikuwa majirani, kando ya Bahari ya Baltiki.

Wanaakiolojia huelekeza kwenye utamaduni wa Jastorf, kaskazini mwa Ujerumani na Jutland, rasi ya Denmark, tangu karne ya 6 KK, ambako watu walifua chuma na kuzika majivu ya wafu wao vyunguni. Lakini chungu hakisemi lugha ya mfinyanzi wake. Gustaf Kossinna, mwanaakiolojia wa Ujerumani, alidai kuwa mipaka ya vyombo ni mipaka ya mataifa, na Wanazi wakalitumia dai hilo kuhalalisha uporaji wa ardhi.

Utafiti wa vinasaba wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watu wa Ujerumani wa takriban miaka 4,500 iliyopita walikuwa na robo tatu hivi ya nasaba kutoka nyika za mashariki. Hao ni wazee wa mbali mno, waliotangulia kwa karne nyingi badiliko la sauti alilolieleza Grimm. Uingereza mashariki ya zama za kati za mwanzo iko karibu zaidi na Wagermani kwa wakati: mwaka 2022 ilibainika kuwa wastani wa asilimia 76 ya nasaba ya waliochunguzwa ilitoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini, yaani pande za Wagermani, na hata hivyo wanaume waliozikwa na silaha walikuwa wa nasaba zote mbili, wageni na wenyeji.