"Naomba Kitambulisho": Mwigizaji na Ulimi Wake Ugenini

DADA: Karibuni tena. Mimi niko Mombasa, Kibokoni, dirisha nimelifunga lakini mkimsikia muadhini msishangae, alasiri imekaribia. Mwenzangu yuko Dar. Kaka, hujambo?

KAKA: Sijambo, dada. Mimi niko Tabata na jirani ana jenereta, kwa hiyo tumelingana.

DADA: Wasikilizaji wengine hawajui kwamba huyu, kabla ya kushika maikrofoni, ni mwigizaji. Miaka mingapi?

KAKA: Kumi na minne. Na katika hiyo nimekufa mara tisa.

DADA: Umekufa?

KAKA: Kwenye filamu. Mimi nafasi zangu ni za ubaya, na mtu mbaya lazima afe kabla filamu haijaisha, la sivyo watazamaji wanadai hela zao. Nimepigwa risasi, nimelogwa, nimegongwa na gari. Mara moja nimemezwa na chatu wa kompyuta, na yule chatu aliigiza vibaya kuliko mimi.

DADA: [Kicheko] Leo nataka unambie kuhusu kuvuka mpaka. Ile siku ulikuja Nairobi, ulinihadithia kwa simu nikacheka mpaka chai ikanimwagikia.

KAKA: Niliitwa kucheza polisi. Sini tatu tu. Ya kwanza nasimamisha gari usiku. Kwenye skripti imeandikwa: polisi anataka kitambulisho. Maneno nijaze mwenyewe. Nikasogea dirishani, tochi juu ya bega, nimekaza uso, nikasema, "Naomba kitambulisho chako." Dairekta akakata. Tukarudia. "Naomba kitambulisho." Akakata. Mara ya tatu vijana wa taa wameanza kucheka chinichini. Dairekta akanifuata, akanishika bega: "Kaka, wewe ni polisi. Unaomba nini?"

DADA: Polisi wa kuomba huku hatumjui!

KAKA: Sasa kwetu hilo neno hulisikii hata unapolisema. Naomba chumvi, naomba chenji, naomba unipishe. Polisi wetu naye anaomba leseni, halafu anakuandikia faini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu, buti, mwendo, mpaka namna ya kutafuna kijiti. Neno moja likanivua uhusika wote.

DADA: Mwisho ulisema nini?

KAKA: "Leta kipande." Huko kitambulisho ni kipande. Basi. Lakini dada, neno lilikuwa jambo dogo. Nilikuwa na siku mbili kabla ya sini iliyofuata, nikawa nashinda steji ya matatu nasikiliza makanga. Nikaona mtu wa Nairobi anaanza sentensi katikati. Mimi wa Tanga nikitaka kukuuliza njia, nitakuamkia, nitakuuliza habari za nyumbani, nitaomba samahani, ndipo swali lije. Pumzi zangu zimepangwa hivyo tangu utotoni. Ukitaka kumwigiza Mnairobi inabidi umwibie pumzi. Maneno yatafuata.

DADA: Na sisi wa Mombasa tunawatazama nyote wawili tunanyamaza. Lakini kuiba pumzi, wajua nani alikuwa mwizi haswa? Mzee Ojwang.

KAKA: Eeh, Vitimbi.

DADA: Vitimbi, vichekesho vya televisheni ya KBC, yeye na Mama Kayai. Nyumbani kwetu ilikuwa kama sala, kila mtu mkekani. Kile Kiswahili chake cha Kijaluo, shamba likiwa "samba", shida ikiwa "sida"! Tulikuwa na jirani Mjaluo, kila Ojwang akitokea anaiambia televisheni, "Omera!", yaani ndugu yangu. Kumbe mwenyewe ni Benson Wanjau, Mkikuyu.

KAKA: Mimi nilijua alipofariki, 2015. Nilidhani magazeti yamekosea jina.

DADA: Na hakuna aliyeona anadharauliwa. Hapo ndipo sielewi. Angekuwa mwingine ingekuwa matusi.

KAKA: Tazama alianzia wapi. Alianzia kwa mzee mkaidi, mwenye tamaa kidogo, mwoga wa mkewe. Ukishampata mzee huyo, Ujaluo unamvika kama koti. Wengi wetu tunaanza na koti. Mtu akiambiwa acheze Mmasai, kitu cha kwanza anatafuta shuka na kurefusha ile salamu, "sopa". Akimaliza hapo hana kingine. Na mimi nimefanya hivyo, sijitoi. Iko filamu moja nimecheza Mpemba, naomba msiitafute.

DADA: Tutaitafuta.

KAKA: Kuna kitu kingine. Mimi kusikiliza sauti nilijifunzia kibanda umiza, vile vibanda vya video. Umeme wa kuunga, mabenchi, jasho, filamu ya Kichina, na sauti ya Lufufu juu yake. Mtu mmoja anatafsiri wote, bibi, mtoto, jambazi. Nilikuwa na miaka tisa, nikawa najua huyu ni bibi kabla sijainua macho, maana Lufufu alishabadilisha pumzi. Nyinyi mna DJ Afro, Waganda wana VJ Jingo. Watu wanawachukulia kama mzaha wa vibandani. Mimi pale ndipo shuleni kwangu, chuo cha sanaa nilipita nje ya geti tu.

DADA: Sasa kuna aliyepitia chuo chenyewe, na ulimi wake ukataka kubaki huko. Lupita Nyong'o.

KAKA: Hebu lieleze wewe, ni wenu.

DADA: Wenu, wetu, na Mexico nao wanadai, maana alizaliwa huko 1983. Amekulia Nairobi. Kazi ya filamu aliianza kwa kutumwatumwa kwenye seti ya filamu ya The Constant Gardener ilipopigwa Kenya, lete hiki peleka kile. Akacheza tamthilia ya Shuga, akaenda chuo cha Yale, Marekani. Amesimulia mwenyewe kwamba alipokuwa chuoni alijipa kazi ya kujifunza Kiingereza cha Kimarekani, akaona bila hicho hatapata kazi. Akakipata. Filamu yake kubwa, 12 Years a Slave, ilipotoka, wakati wa kuzunguka kuitangaza, akaamua kurudi kwenye lafudhi ya nyumbani. Na kurudi kwenyewe hakukuwa kama kuvua kiatu.

KAKA: Hapo namwelewa kabisa. Nilirudi Dar baada ya wiki sita za Nairobi, nikaingia dukani nikasema, "Leta soda." Muuzaji akaniangalia juu mpaka chini: "Kaka, tumegombana?"

DADA: [Kicheko] Halafu Oscar, 2014, kwa kucheza mtumwa. Na amesema hadharani kwamba baada ya tuzo ile, nafasi alizokuwa akiletewa ni za mtumwa tena. Mimi nilidhani ukishika kile kisanamu milango yote wazi.

KAKA: Unafunguliwa mlango uleule uliotokea. Mimi niliua mama mzazi kwenye filamu moja, nikamuua vizuri, watu wakalia. Simu zote za mwaka ule zilikuwa za kuua. Ukikataa, kodi ya nyumba haikatai. Yeye aliweza kusubiri, nadhani. Mimi nikaua.

DADA: Mimi nilimpenda zaidi kwenye Queen of Katwe, yule mama wa Kampala na mahindi yake. Kwa sababu pale ndipo ningemkamata. Kiingereza cha Mganda nakijua, shangazi yangu ameolewa Jinja. Nikakaa namsubiri akosee.

KAKA: Akakosea?

DADA: Nikasahau kusubiri. Dakika kumi hivi nikawa namwonea huruma kwa ajili ya kodi yake. Haya, nimesema ya wetu. Sema wa wenu.

KAKA: Kanumba.

DADA: Nilijua.

KAKA: Sasa hapa nina deni, acha nilipe. Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga, katoka Kaole, kundi la maigizo ya televisheni. Wakati ule filamu za Nigeria zimejaa Kariakoo, sisi tunalalamika zinatumaliza. Yeye akawafuata. Dar to Lagos akacheza na Mercy Johnson, Devil Kingdom akacheza na Ramsey Nouah. Akaingia kwenye Kiingereza ambacho hakulelewa nacho, mbele ya watu wanaokila asubuhi na jioni. Na vijiweni tukamcheka. Nasema tukamcheka, nilikuwepo, nilikuwa naigiza sentensi zake watu wanashika mbavu.

DADA: Wewe?

KAKA: Mimi. Sijawahi kufika hata Morogoro wakati ule. Juzi nimekaa nikazitazama tena, za Kiswahili na za Kiingereza, nikazima sauti. Kwenye Kiingereza macho yake yanatafuta neno linalokuja. Kwenye Kiswahili macho yanamtazama mwenzake. Sasa mimi pale Nairobi, na "naomba" yangu, macho yalikuwa wapi? Yalikuwa yanatafuta neno. Na ile ilikuwa lugha yangu mwenyewe!

DADA: Alifariki kijana mno.

KAKA: Tarehe 7 Aprili 2012, miaka 28. Kumuaga ilikuwa viwanja vya Leaders Club, Dar. Nilienda, jeneza sikuliona. Niliona mgongo wa mtu mbele yangu, na nilipotoka nilikuwa na kandambili moja. Jioni rafiki yangu wa Bukavu, Congo, akapiga simu kunipa pole, mimi, kama vile nimefiwa na ndugu. Kisha akalia yeye. Alisema mkewe alikuwa akijifunza Kiswahili cha Tanzania kwa Kanumba, sasa atajifunza kwa nani.

DADA: Lakini umaarufu huo wa Congo, Burundi, Rwanda, pesa yake hupitia wapi?

KAKA: [Kicheko kirefu] Ngoja. 2019 nimekwenda Bujumbura kwa basi. Mpakani, Kobero, afisa akatazama pasi, akanitazama, akaita wenzake: "Njooni mwone yule aliyemuua mama yake!" Nikapigwa picha na watu watano, muhuri nikagongewa nimesimama ndani ya kaunta. Kurudi ndani ya basi, mama niliyekaa naye tangu Dar amehama kiti.

DADA: Maskini.

KAKA: Kesho yake niko Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili, naona muuza sidii kando ya msikiti. Filamu yangu hiyo. Jalada limetolewa kopi juu ya kopi mpaka uso wangu wa kijani, na jina langu wameandika la mtu mwingine. Nikamuuliza kijana, hii inauzika? Akasema hii ndiyo inanilisha. Sasa nimwambie nini? Mimi nililipwa laki tatu kwa mkupuo, msambazaji akachukua kila kitu, karatasi nilisaini juu ya boneti ya gari. Nikainunua. Na bei hakunipunguzia.

DADA: Alikujua?

KAKA: Hakunijua, nilikuwa na kofia. Nilipoivua ndipo akaanza kuniita "shemeji" na kunirudishia pesa. Nilimwachia. Ile sidii ninayo, haichezi, ina filamu ya ndondi.

DADA: Ya Rabi! Haya, dakika zetu zinakwisha. Nimesikia una kazi mpya.

KAKA: Nimepata nafasi ya kucheza mfanyabiashara wa Lubumbashi, kule Congo. Hafi, kwa mara ya kwanza! Ila sitaki tena kuanza na koti. Najua ile "batu banasema" yao, yaani watu wanasema, hiyo kila mtu anaijua, na nikiishika hiyo tu nitakuwa nimerudi kwa Mpemba. Nataka pumzi. Kwa hiyo wasikilizaji wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, nitumieni sauti WhatsApp, mseme sentensi moja tu, kila mtu anavyoisema nyumbani kwake akiwa na hasira: "Mama, pesa yako nilishalipa, mbona unaniandama?"

DADA: Mombasa tungesema, "Mama, pesa zako nishalipa, mbona waniandama?"

KAKA: Ahsante dada, hiyo ya Mombasa sijaiomba.

DADA: Hiyo nimeleta. Kwaherini, muadhini huyo.