Miadi ya Juba: Saa Ipi Iandikwe kwenye Programu?

MWANAIDI: Karibuni tena kwenye kipindi. Leo kaka Kassim amekuja amenuna, tumwache aseme.

KASSIM: Sijanuna, dada. Nimechoshwa na ushauri mmoja tu: "Hifadhi kila kitu kwa UTC, ile saa ya pamoja ya dunia, mambo yatanyooka." Kila anayeanza kuandika programu anafundishwa hivyo.

MWANAIDI: Na ni ushauri mzuri! Muamala umefanyika Dar, seva iko Ulaya, anayeusoma yuko Muscat. Bila saa moja ya pamoja mtagombana.

KASSIM: Kwa muamala, sawa kabisa. Umeshatokea. Hata ukiuandika kwa mtindo wa Unix, idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, sina neno. Shida ni mambo ambayo hayajatokea. Tuseme Januari 2021 mgonjwa wa Juba anapangiwa kumwona daktari tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi, yaani 10:00. Wakati huo Juba ilikuwa inakwenda na saa za Nairobi, masaa matatu mbele ya UTC. Programu inatoa matatu, inaandika 07:00, basi.

MWANAIDI: Halafu ikaja Februari.

KASSIM: Tarehe 1 Februari Sudan Kusini ikarudisha saa nyuma, ikabaki masaa mawili mbele. Machi programu inaichukua ile 07:00 yake, inajumlisha mawili, inamwambia mgonjwa aje saa tatu.

MWANAIDI: Kuwahi kliniki si msiba, Kassim. Utakaa kwenye benchi kama sote.

KASSIM: Haya, geuza. Nchi isogeze saa mbele, uone mgonjwa atakavyofika zamu yake imeshapita.

MWANAIDI: Hapo umenishika. Sasa wewe unahifadhi nini?

KASSIM: Kile walichokubaliana watu wenyewe: tarehe, saa nne asubuhi, na jina la eneo, Africa/Juba. Si "+03:00". Namba hiyo, masaa matatu mbele ya UTC, ni hali ya siku ulipoandika tu. Jina linakupeleka kwenye kanzidata ya kanda za saa inayotolewa na IANA, shirika linaloratibu majina na namba za intaneti, na ile hurekebishwa serikali zinapobadilisha mawazo. Hesabu ya UTC unaifanya upya kila kanzidata inaposasishwa.

MWANAIDI: Serikali zenyewe haziagi. Machi 2023 Lebanon walitangaza kuahirisha kusogeza saa mbele kwa majira ya joto, zimebaki siku chache tu. Kanisa la Maroni likagoma, nchi ikaenda na saa mbili tofauti mpaka uamuzi ukafutwa. Hapo hata kanzidata iliyosasishwa vizuri ingekuwa inabahatisha.

KASSIM: Hapo hata mimi ningepiga simu kuuliza.

MWANAIDI: Mimi linaloniudhi ni tarehe za kuzaliwa. Mtoto kazaliwa tarehe 5 Mei. Aliyeunda mfumo kaweka sehemu ya tarehe na saa kwa pamoja, kwa hiyo inaingia saa sita usiku ya Dar. Ukiipeleka UTC inakuwa 21:00, tarehe 4. Ripoti ikitoka, mtoto kazaliwa jana yake, na mzazi anahangaishwa kwa sababu karatasi hazilingani.

KASSIM: Na wanaofanya majaribio wakiwa London mwezi wa Januari hawaoni kitu, maana saa yao ndiyo UTC.

MWANAIDI: Ndiyo hivyo! Iandikwe tarehe tupu, isibebeshwe saa wala ukanda.

KASSIM: Kuna msikilizaji atauliza habari za 2038.

MWANAIDI: Kwa haraka: sekunde za Unix zikihifadhiwa kwa biti 32, yaani nafasi 32 za sifuri na moja, zinajaa tarehe 19 Januari 2038, kwetu ni saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi, halafu mashine inarukia Desemba 1901. Hamieni biti 64. Mimi nina swali gumu zaidi: mkutano wa kila Jumatatu kati ya Nairobi na London, unafuata saa ya nani? London wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka.

KASSIM: Hilo kompyuta haiwezi kukuamulia. Muulize mteja ofisi ipi ndiyo mwenye mkutano, uandike jina la eneo lake. Wale wengine watahama naye Machi na Oktoba.

MWANAIDI: Na ndio watakaonipigia simu mimi kulalamika.