Hodi kwa Daktari Chekhov

Asanteni. Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Melikhovo ni kijiji kilicho kama kilomita 70 kusini mwa Moscow. Anton Chekhov, yule mwandishi wa Kirusi, alinunua shamba huko mwaka 1892, akaishi na wazazi wake na dada yake hadi 1899. Siku hizi ni makumbusho. Wageni hukimbilia nyumba kubwa. Haina ubaya, ila ile ya zamani ilibomolewa. Hii mnayoonyeshwa ilijengwa upya, ikafunguliwa 1960.

Mimi nawaelekeza bustanini, kwenye kijumba cha mbao cha vyumba viwili. Hicho ndicho chenyewe hasa. Humo, mwaka 1895, aliandika tamthilia ya Shakwe.

Kwa nini mtu mwenye nyumba kubwa ajifiche kwenye kijumba? Kwa sababu kule ndani hapakukalika. Wageni hawaishi, na wagonjwa ndiyo usiseme. Chekhov alikuwa daktari, na aliwatibu wanakijiji bure. Tulielezwa kwamba alipokuwepo ilipandishwa bendera, watu wajue daktari yupo. Hebu fikirieni: mwandishi anapandisha bendera ili asumbuliwe! Sisi wa leo tunazima simu.

Mwaka huohuo wa 1892, kipindupindu kilipotishia, alikabidhiwa vijiji 25, viwanda vinne na nyumba moja ya watawa. Mshahara hakuchukua, na fedha za matibabu ilibidi azunguke akiwaomba matajiri. Someni hadithi yake ya Wakulima, ya 1897. Moshi na ufukara wa kibanda cha humo hadithini hakusimuliwa na mtu. Vibanda vya namna hiyo aliviingia mwenyewe, na mkoba wake mkononi.

Halafu kuna mbwa wake wawili, wale wa mgongo mrefu na miguu mifupi: Bromi na Kwinini. Majina ya dawa! Nilicheka peke yangu mbele ya sanamu yao. Sisi tuliobanwa pua utotoni tumeze kwinini hatuhitaji kutafsiriwa mzaha huo.

Na daktari mwenyewe alikuwa anatema damu. Mwaka 1897 alilazwa Moscow kwa kifua kikuu. Miaka miwili baadaye akauza shamba, akahamia Yalta, pwani, kwenye joto.

Nilirudi kwenye kijumba jioni, watu wamepungua. Mlango ulikuwa wazi kabisa, tiketi ninayo, na bado nilijikuta nimeinua mkono nibishe hodi.