Simu Imewekwa Chini, Akili Bado Iko Hewani

Ndugu wanafunzi, na walimu mliojificha viti vya nyuma, habari za mchana.

Najua mnangoja niseme mitandao inakula muda, zimeni simu, someni. Wazazi wenu walishayasema hayo. Mimi kinachonisumbua ni dakika moja tu.

Mwanafunzi ameketi mezani saa tatu usiku na somo la takwimu. Keshokutwa ana mtihani. Simu inatetema. Ni grupu la darasa: mwenzake ameposti picha ya daftari, "Nimemaliza mada zote, nalala." Anaitazama, anaiweka simu kifudifudi, anainamia fomula. Dakika moja imepita, basi. Lakini kalamu haisogei. Anajiuliza: mzito ni mimi peke yangu? Hapo anaukumbuka ujumbe aliotuma jioni: tiki mbili za bluu, jibu hakuna. Mstari uleule anausoma mara nne. Ukimuuliza kesho atakwambia alisoma mpaka saa sita, na wala hadanganyi.

Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba ukiacha kazi kabla haijaisha ukashika nyingine, sehemu ya akili hubaki kwenye ile ya kwanza. Sasa niambieni, mambo ya mtandaoni huisha lini? Kitabu kina ukurasa wa mwisho. Kule unateremka tu, hufiki chini. Aza Raskin, aliyebuni mteremko huo usio na kikomo mwaka 2006, mwenyewe ameshasema anajuta.

Na kujilinganisha? Mwanasaikolojia Leon Festinger aliliandika hilo mwaka 1954, kabla ya simu hizi: mtu akikosa kipimo cha uhakika hujipima kwa wenzake, hasa wanaofanana naye. Chuoni, kabla ya matokeo kutoka, kipimo ndicho hicho. Tatizo ni kwamba mwenye daftari hakuposti kurasa alizozichana.

Facebook ilianzia Harvard mwaka 2004, ikawa inafunguliwa chuo kimoja baada ya kingine. Wachumi watatu waliutumia mpangilio huo kulinganisha vyuo vilivyoipata mapema na vilivyochelewa, wakachapisha matokeo mwaka 2022. Ilikoingia, afya ya akili ya wanafunzi ilishuka, na wengi zaidi walisema hali hiyo inawaharibia masomo.

Tufanyeje? Kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wa mwaka 2018, wanafunzi waliopewa kikomo cha dakika 10 kwa siku kwa kila mtandao kati ya mitatu, kwa wiki tatu, walipungukiwa na upweke na huzuni. Hawakufungiwa kabisa, hilo mlishike. Leroy naye baadaye aliona kwamba ukikatizwa kazi, kuandika haraka ulipofikia na utakapoanzia ukirudi kunaipa akili ruhusa ya kuondoka. Ninavyofanya mimi, naandika pembeni ya karatasi: "Kumjibu fulani, saa nne." Inaonekana upuuzi. Jaribuni usiku wa leo.

Sasa walimu wangu wa nyuma. Alama za majaribio mnazituma kwenye grupu usiku wa manane, majina na namba vyote wazi, halafu asubuhi mnashangaa darasa linasinzia. Swali la kwanza naomba litoke huko kwenu.