Klapa ya Seti Ndogo: Ipi Ununue, Uandike Nini, Uipigeje

NEEMA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Neema, niko na kaka Salim, na leo tunaongelea klapa, ule ubao wenye vijiti viwili unaopigwa mbele ya kamera kabla mwongozaji hajaita akshen. Tunaongea na wewe mwenye timu ya watu wanne au watano, kamera moja au mbili, na kinasa sauti cha pembeni.

SALIM: Na hicho kinasa sauti cha pembeni ndicho kinacholeta haja ya klapa. Picha iko kwenye kadi ya kamera, sauti iko kwenye kadi nyingine, na mhariri anapokea mafaili yasiyojuana kabisa. Vijiti vikikutana, kwenye picha inapatikana fremu ya kwanza, yaani picha moja mgando kati ya zinazounda video, ambayo vimefunga, na kwenye mchoro wa wimbi la sauti kinaonekana kilele kimoja chembamba, kirefu. Unavipanga pamoja, basi. Kwa fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Sauti ikipishana na midomo kwa fremu mbili tatu tu, mtazamaji ataanza kusumbuka hata kama hajui kinachomsumbua.

NEEMA: Kuna atakayesema programu za kuhariri zinalinganisha zenyewe siku hizi. DaVinci Resolve inafanya, Premiere Pro inafanya.

SALIM: Zinafanya kwa kufananisha mawimbi ya sauti, kwa hiyo kamera nayo lazima iwe na sauti ya kueleweka. Sasa weka kamera mita 20 kutoka kwa waigizaji, ufukweni, upepo unapiga maiki ya kamera. Kinachoingia kamerani ni mvumo mtupu. Programu itagoma, au mbaya zaidi, italinganisha mahali pasipo. Na hata ikipatia, haijui kwamba faili hili ni sini ya 12, yaani onyesho la 12 la skripti, teki ya 3, yaani jaribio la tatu la kuirekodi. Kwangu mimi, kwenye seti ndogo maandishi ya ubao yana thamani kuliko mlio wake. Mlio unaweza kuupata kwa kupiga makofi. Maandishi huyapati popote.

NEEMA: Tuanze na maandishi basi, maana ndipo watu wanapolipua kazi. Mtu anaandika jina la filamu kwa mbwembwe, halafu sehemu ya roli anaiacha wazi.

SALIM: Roli ni namba ya kadi. Kamera nyingi ndogo ukifomati kadi zinaweza kuanza kuhesabu mafaili upya. Siku ya kwanza una faili C0001, siku ya tatu una C0001 nyingine. Ukizimwaga kwenye diski moja, moja inafuta nyenzake, au zinachanganyika usijue ipi ni ipi. Kwa hiyo kadi ya kwanza ya kamera A iite A001, ukiitoa na kuweka nyingine ni A002, na hesabu hairudi nyuma mpaka filamu iishe. Jina hilohilo ndilo jina la folda kwenye diski. Kamera ya pili ni B001 na kuendelea.

NEEMA: Halafu sini na teki.

SALIM: Kuna mifumo miwili. Waingereza wanahesabu ubao mfululizo, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho wa filamu, na kuna mtu wa skripti anayeandika kwenye karatasi kwamba ubao wa 87 ni wa sini gani. Wamarekani wanaandika namba ya sini yenyewe na herufi. Shoti ya kwanza ya sini ya 12 ni 12, ukihamisha kamera au ukibadilisha lenzi inakuwa 12A, halafu 12B. Kila ukibadilisha herufi, teki inarudi 1. Herufi I na O zinarukwa kwa sababu zinafanana na moja na sifuri.

NEEMA: Na timu isiyo na mtu wa skripti wa kudumu ifuate upi?

SALIM: Wa Kimarekani, bila kusita. Mhariri akiona 12B anafungua skripti sini ya 12 moja kwa moja. Ule mwingine bila karatasi zake ni namba tupu. Mengine ya kuandika ni tarehe, ndani au nje, mchana au usiku, na idadi ya fremu kwa sekunde, hasa ukipiga shoti ya mwendo wa taratibu. Ukiandika 100 pale, mhariri anajua asitafute sauti.

NEEMA: Na mtu akikosea namba? Ameandika teki ya 4 kumbe ni ya 5?

SALIM: Usifute faili, wala usirudie kupiga klapa katikati ya uigizaji. Malizeni teki, kisha iandikwe kwenye ripoti, ile karatasi ya kumbukumbu inayokwenda kwa mhariri: roli, jina la faili, namba iliyoonekana na namba sahihi. Na klapa ikishapigwa, hiyo ni teki, hata kama mwigizaji amekohoa baada ya sekunde mbili. Inayofuata inapanda namba. Ukitumia namba moja mara mbili umempa mhariri kitendawili.

NEEMA: Hapo kwenye ripoti niongeze jambo la saa. Vifaa vyenye timukodi, yaani saa inayorekodiwa pamoja na picha au sauti, vinahesabu saa 24. Kwetu saa mbili asubuhi, kwenye kifaa ni 08:00. Ripoti ikiandikwa "saa 2:15" mhariri atatafuta 02:15, au 14:15, na hatakuta kitu. Andika kama kifaa kinavyoonyesha.

SALIM: Kweli kabisa, na hasa kama mhariri yuko nchi nyingine.

NEEMA: Sasa kununua. Mtu anasimama dukani, kuna za mbao nyeusi za kuandika kwa chaki, kuna nyeupe za plastiki, kuna zinazopitisha mwanga.

SALIM: Nyeusi ya chaki ni nzuri ukutani. Chaki inafifia, vumbi lake halifai karibu na lenzi, na mvua ikinyesha umekwisha. Chukua ya akriliki nyeupe, upana sentimita 28 hivi kwa urefu wa 23, ya kuandikwa kwa maka peni ya ubao mweupe. Ile inayopitisha mwanga kidogo inasaidia ukiwa na dirisha au jua nyuma yako, maandishi yanabaki yanasomeka. Nyeupe kabisa isiyopitisha mwanga, jua likiipiga usoni, inaungua kwenye picha, yaani inakuwa mweupe mtupu, na maandishi yanapotea, kwa hiyo itafutie kivuli.

NEEMA: Vijiti vya rangi au vyeusi na vyeupe?

SALIM: Vyeusi na vyeupe. Ile mistari ya mshazari ipo ili jicho lione vijiti vinapokutana hata kwenye mwanga hafifu. Rangi zinapendeza, lakini rangi za klapa ya bei rahisi hazijapimwa, usizitumie kusahihisha rangi za picha. Mambo ya kupima dukani ni mengine. Fungua, piga mara kumi. Vijiti vikutane kwa urefu wote, visipishane pembeni. Sikiliza: mlio uwe mkavu na mfupi. Ukisikia "tap-pap", kijiti kinadunda, na kwenye wimbi utapata vilele viwili. Zenye sumaku ndani ya vijiti hazidundi sana kwa sababu vikigusana vinashikana.

NEEMA: Na fundi seremala anaweza kuitengeneza, na ikawa bora kuliko nyingi za dukani. Niwaelezee vipimo, dada zangu na kaka zangu waandike. Vijiti viwili vya mninga au mkongo, urefu sentimita 28, upana 4, unene 2. Msitumie paini wala plaiwudi, mti laini unatoa mlio mzito usio na kilele. Nyuso mbili zinazogongana zipigwe randa na msasa mpaka ukiziweka pamoja usione mwanga katikati. Kijiti cha chini kinafungwa kwenye ubao kwa skrubu tatu. Cha juu kinashikwa mwishoni kwa boliti ya milimita 6, vile visahani vya chuma viitwavyo washa pande zote mbili, na nati ile yenye nailoni ndani. Nati ya kawaida inalegea kidogokidogo kwa kila pigo, na kufikia mchana vijiti vinacheza.

SALIM: Na ubao wenyewe perspeksi, ile akriliki ya bapa, ya milimita 3. Mistari ichorwe kwa rangi isiyong'aa. Ukipaka ya kung'aa, taa zinajitazama humo.

NEEMA: Programu za klapa kwenye simu?

SALIM: Kwa dharura tu. Juani skrini haisomeki, gizani inaungua. Na mlio wa spika ya simu unaweza kuchelewa nyuma ya mmweko wa skrini, kwa hiyo ile alama unayoiamini huenda si alama. Bora mtu apige makofi mara moja mbele ya kamera, viganja vikionekana kwa ubavu, na ataje sini na teki kwa sauti.

NEEMA: Tuingie kwenye kupiga. Umbali kwanza.

SALIM: Wasaidizi wa kamera wana kanuni nyepesi: sentimita 30 kwa kila milimita 10 za lenzi. Lenzi ya 50, simama mita moja na nusu kutoka kamerani. Lenzi ya 100, mita 3. Ni makadirio ya kuanzia, mpiga picha atakwambia sogea au rudi. Ubao usomeke kwenye skrini ndogo, na vijiti vyote viwe ndani ya fremu. Hilo la pili linasahaulika sana: maandishi yako ndani, vijiti vimekatwa juu.

NEEMA: Na fokasi, ule ukali wa picha?

SALIM: Kama kamera inajitafutia fokasi, itaukamata ubao, na ukiondoka itayumba sekunde nzima ikimtafuta mwigizaji. Ifunge. Weka ubao kando ya uso wa mwigizaji, umbali uleule, ili vyote viwe vikali kwa pamoja. Inamisha sehemu ya juu ya ubao kidogo kuelekea kamerani, mng'ao wa taa unashuka chini badala ya kurudi kwenye lenzi.

NEEMA: Mpangilio wa amri uko hivi. Msaidizi mwongozaji anaita sauti. Mtu wa sauti anajibu "inakwenda". Mpiga klapa anataja: "Sini kumi na mbili B, teki ya tatu." Mpiga picha anaita "inakwenda". Mpiga klapa anasema "maka", yaani alama, anapiga, anatoka. Halafu akshen.

SALIM: Na ile sekunde ya kupiga itazamwe kwa makini. Ubao umetulia, vijiti vimefunguliwa kiasi cha upana wa kiganja. Unafunga kwa mkono mmoja, mara moja. Ubao hausogei. Vikishafunga, unahesabu moja kimoyomoyo, ndipo unaondoka, kupitia upande uliouchagua mapema, bila kuruka waya. Wengi wanapiga huku wameshaanza kutoka. Fremu inayotakiwa inakuwa na ukungu wa mwendo, na mhariri anabaki kubahatisha kati ya fremu tatu.

NEEMA: Nguvu ya pigo je? Maana wapo wanaopiga kama wanapasua kuni.

SALIM: Mtu wa sauti ana hedifoni masikioni, mwonee huruma. Mwigizaji naye yuko sentimita 40 kutoka kwenye vijiti, ameshajiandaa kulia. Shoti ya karibu inapigwa taratibu, unatangaza kabisa kwamba unapiga pole. Na kuna sababu ya kiufundi: kamera au simu inayojirekebisha kiwango cha sauti yenyewe, ikisikia pigo kubwa inashusha kiwango, halafu inachukua muda kukipandisha. Maneno ya kwanza ya mwigizaji yanasikika yako chini. Zima marekebisho hayo, au subiri sekunde mbili tatu baada ya klapa.

NEEMA: Na shoti za mbali? Klapa iko mtaa wa pili, kamera huku.

SALIM: Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kwa fremu 25, kila mita 14 hivi ni fremu moja ya kuchelewa. Kwa hiyo klapa ipigwe karibu na maiki inayorekodi, si karibu na kamera. Ukiwa na maiki za kubandika nguoni, pigia karibu na kifua cha mwigizaji mmoja. Kamera mbili zikiwepo, zote zianze, na ubao ugeukie mahali ambapo zote zinauona. Haiwezekani? Piga mara mbili, na useme: "A, maka." "B, maka."

NEEMA: Wanaorekodi kwa simu wana lao.

SALIM: Hilo ni kubwa. Simu nyingi zinarekodi kwa idadi ya fremu inayobadilikabadilika. Unalinganisha mwanzo vizuri, dakika ya kumi midomo imeachana na sauti. Tumia programu ya kamera inayofunga fremu, na mahojiano marefu yapigie klapa mwanzoni na mwishoni. Zile alama mbili zinakuonyesha sauti imehama kwa kiasi gani.

NEEMA: Klapa ya mwisho inashikwa kichwa chini, vijiti viko chini, ili mhariri ajue alama iko mkiani. Ndiyo inayofaa pia kwa mtoto mdogo, mnyama, au mtu anayesimulia msiba, ambaye hutaki kumgongea mbao usoni. Mwongozaji asikate mpaka ipigwe. Anaita "klapa ya mwisho", kamera na sauti zinaendelea.

SALIM: Na shoti isiyo na sauti, weka vidole katikati ya vijiti, uandike "bila sauti". Mhariri akiona vidole hatapoteza nusu saa kutafuta faili ambalo halikuwahi kuwepo.

NEEMA: Matunzo, kaka, tumalize.

SALIM: Maka peni mbili, moja mpya, zikae kwa kamba kwenye klapa. Kipande cha kitambaa kifungwe nyuma ya maka peni kiwe kifutio. Jina la filamu na la mwongozaji yaandikwe kwenye tepu nyeupe ya kubandika, hayabadiliki, mkono usiyafute. Jioni futa ubao mpaka wino wote utoke. Wino ukilala usiku mzima unaacha kivuli, na kivuli cha 3 chini ya 8 ya leo kitasomeka ovyo. Kaza nati, kisha uandike roli ya kesho kabla hujaufunga mfuko.

NEEMA: Asanteni kwa kutusikiliza. Kipindi kijacho ni kinasa sauti chenyewe: viwango, waya, na betri.