Sweta kwenye jua la saa saba

Walimu wenzangu, makocha, na nyinyi wazazi mliofika, asanteni. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema jambo hili la kuwapima wasichana wa riadha kama kweli ni wa kike, na nitalisema tena. Tangu Septemba 2025 haliwahusu tena wanariadha watano au sita tunaowaona kwenye televisheni. Kila msichana atakayekwenda mashindano ya dunia ya riadha lazima apimwe jeni iitwayo SRY, ambayo kwa kawaida huwa kwa wanaume, mara moja maishani, kwa kupanguswa ndani ya shavu au kutolewa damu. Linamhusu binti aliye shuleni kwako sasa hivi, anayekimbia pekupeku.

Kila nikianza hapa, watu hunikatiza na jina la Lia Thomas, muogeleaji wa Marekani, au Laurel Hubbard wa New Zealand, mnyanyua vyuma. Hao ni wanawake waliobadili jinsia. Walibalehe kiume kabla ya kubadili, na tangu Machi 2023 riadha ya dunia imewafungia wenye historia kama hiyo mbio za wanawake. Mjadala wao una uzito, sitaki mtu aondoke hapa akisema niliupuuza, na wao pia ni watu wanaostahili heshima. Rekodi ya mita 800 ya wanaume ni 1:40.91, ya David Rudisha. Ya wanawake ni 1:53.28, imesimama tangu 1983. Sekunde 12 hizo ndizo zilizofanya tuwe na mbio za wanawake. Ukiondoa mpaka, binti yako hataiona fainali. Mpaka ninaukubali.

Lakini mabinti wa kwetu wanaoguswa na mpaka huu ni wengine kabisa. Mkunga aliwapokea akasema ni msichana, wakapewa majina ya kike, wakachota maji na dada zao. Hawakubadili chochote. Ndani ya mwili wana kromosomu za XY, ambazo kwa kawaida ni za wanaume, na homoni ya testosteroni, ile inayojenga misuli, inayozidi kiwango cha kawaida cha wanawake, nao hawakujua. Wengine wamejulia uwanjani.

Nami niliwahi kuwa upande wa wanaokagua.

Nilikuwa mwalimu kijana, nimepeleka timu kwenye mashindano ya shule za sekondari. Nilikuwa na binti wa kidato cha pili, mrefu, sauti nzito, kifua tambarare. Alishinda mchujo wa mita 400 akawaacha wenzake mbali, na walimu wa shule nyingine wakaja mezani kudai akaguliwe. Nikakubali. Niliona tumalize ubishi, ratiba iendelee. Walimu wawili wa kike wakampeleka kwenye choo cha nyuma ya jukwaa. Nilibaki nje nimeshika spaiki zake za kuazima, ya kushoto imeng'oka misumari miwili. Zilipita kama dakika kumi. Alipotoka alikuwa amevaa sweta la shule, vifungo vyote mpaka kooni, jua la saa saba. Wale walimu wakasema, "Ni msichana, aendelee." Mimi nikapiga makofi, jamani. Nilipiga makofi.

Hakukimbia fainali. Alikaa ndani ya basi na lile sweta mpaka jioni, na muhula uliofuata hakuja mazoezini. Nilimwomba radhi miaka mingi baadaye, ameshaolewa ana watoto. Akaniambia, "Mwalimu, ulikuwa umesimama pale pale."

Nilichokifanya nyuma ya jukwaa, wakubwa wa riadha walikifanya Budapest, Hungaria, mwaka 1966, walipowapitisha wanariadha wa kike uchi mbele ya madaktari. Kisha wakahamia kwenye kromosomu. Mwaka 1985, huko Kobe, Japani, mkimbiaji Mhispania María José Martínez-Patiño akashindwa kipimo hicho, na baadaye akaambiwa ana XY. Akapoteza nafasi yake, ufadhili wake na mchumba wake, ilhali mwili wake hauitikii testosteroni hata kidogo. Miaka mitatu baadaye wakamrudisha. Kipimo hicho kikaachwa kabla ya Olimpiki ya Sydney 2000, na leo tunarudi kwenye jeni. Kanuni mpya inawaruhusu wenye hali kama yake, sawa, lakini lazima awepo daktari wa kuithibitisha. Wilayani kwako yupo?

Mtu ataniambia, "Mwalimu, na yule anayeshindwa je?" Swali halali. Olimpiki ya Rio 2016, mita 800 za wanawake: Caster Semenya wa Afrika Kusini wa kwanza, Francine Niyonsaba wa Burundi wa pili, Margaret Wambui wa Kenya wa tatu. Melissa Bishop wa Kanada alikosa medali kwa sekunde 0.13, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Simwiti mbaguzi. Ila medali ya Niyonsaba ilikuwa ya pili tu ya Olimpiki katika historia ya Burundi, na aliipata bila kuvunja kanuni yoyote iliyokuwepo. Mwaka 2018 wakatangaza masharti kuanzia mita 400 hadi maili: mwanamke mwenye XY na homoni nyingi, kama Niyonsaba, aishushe kwa dawa au aache. Akahamia mbio ndefu, kazi ya kuanza upya. Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2000, 5:21.56. Machi 2023 masharti yakapanuliwa mpaka mbio zote. Aende wapi tena?

Na kabla yao alikuwepo mkimbiaji Annet Negesa wa Uganda. Wiki chache kabla ya Olimpiki ya London 2012 aliambiwa hatakimbia, homoni zake zimezidi. Baadaye alipasuliwa Kampala. Kwa maelezo yake, aliambiwa ni kitu kidogo kama sindano, akaamka na makovu tumboni. Shirikisho la kimataifa limekanusha kumshauri apasuliwe. Hakurudi kwenye kiwango chake, na leo anaishi Ujerumani. Hakuna aliyekaa naye akamweleza kwa lugha yake mwili wake una nini, na dawa au kisu vitamfanya nini.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Kundi la tatu la mashindano, la wanawake wenye homoni nyingi, alilolipendekeza Wambui nilitaka kulijadili, sitaliwahi. Kesi ya Semenya ya kupinga masharti hayo pia, ila jueni kwamba Julai 2025 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema mahakama ya Uswisi, alikokata rufaa, haikumsikiliza kwa haki.

Basi haya haraka. Msichana asipimwe peke yake: mama, shangazi, mtu wake awepo. Majibu yafike kwake kwanza, si kwa kocha, si kwenye kikundi cha WhatsApp cha walimu. Akiambiwa ana XY, usiku ule asilale peke yake bwenini. Na ile fomu ya idhini ya mzazi tunayoijaza wenyewe kwa kalamu moja, wanafunzi ishirini, kwa sababu basi linaondoka alfajiri: hii ya kipimo msiisaini. Ahirisheni safari, mkamtafute mzazi.